"Kwetu Tunatunza Wazee Wetu." Sawa, Lakini Nani Hasa Anatunza?

Wale mmezoea kuja hapa Ijumaa kucheka, leo mnisamehe. Leo nina deni, na nitalilipa kwa historia, kwa sababu bila historia nisingejua hata nilikosea wapi.

Mwaka jana niliweka video ya nyanya yangu. Wengi wenu mliiona. Amekaa nje ya nyumba kwetu Voi, ananiuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Namjibu. Anatikisa kichwa, ananyamaza kidogo, kisha anauliza tena. Mara sita. Nikaikata vizuri, nikaweka muziki, watu wakavunjika mbavu. Mpaka leo hakuna video yangu iliyotazamwa kuliko hiyo.

Saa nne usiku shangazi akanipigia simu. Yeye ndiye anayeishi na nyanya. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, hizo mara sita zako ni dakika mbili. Mimi naulizwa tangu alfajiri." Akakata.

Video niliifuta. Ila kuna kitu kilibaki kichwani. Chini ya ile video watu wengi walikuwa wameandika maneno yanayofanana: sisi Waafrika tunatunza wazee wetu, si kama Wazungu wanaowatupa kwenye makao ya wazee. Nilikuwa nimeyapenda yote, moja baada ya jingine. Sasa nikaanza kujiuliza: "tunatunza," sisi nani? Baba yangu na mimi tuko Mombasa. Amu mmoja yuko Nairobi, mwingine yuko Qatar. Kikundi chetu cha WhatsApp kimejaa "Mungu amlinde mama." Anayemwosha huyo mama, anayemlisha, anayeamka naye saa nane usiku, ni mtu mmoja tu.

Ngoja niwaambie usiku ulionifungua macho.

Tunakaa nje kidogo ya mji, upande wa kuelekea Sagalla. Mnaojua Voi mnajua ndovu si hadithi za watalii. Wanatoka Tsavo, wanaingia mashambani, na kule Sagalla kuna wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki kwa sababu ndovu anaogopa nyuki. Sasa mwenye demensia mara nyingi hubadilika jua likianza kuzama. Anakosa utulivu, anataka kuondoka, anasema "nataka kwenda nyumbani" hata akiwa sebuleni kwake. Siku moja nikiwa nimekuja wikendi, shangazi aliingia jikoni kuepua chungu, akatoka, mlango uko wazi na nyanya hayupo.

Tulimtafuta saa mbili nzima. Waliompata ni vijana wa boda. Shangazi alimpigia mmoja, huyo akaandika kwenye kikundi chao cha steji, pikipiki zikatawanyika. Alikuwa kando ya njia ya vumbi, miguu peku, leso imeloa umande. Taa za pikipiki zilipomwangaza alijikunyata akilia, "Msitupeleke Malindi. Hatukufanya kitu."

Wale vijana walidhani ni kuweweseka tu. Mimi pia. Nyanya hajawahi kuishi Malindi.

Aliyeishi Malindi ni mama yake. Nyanya alizaliwa Kasigau, ule mlima unaouona ukisimama peke yake kusini mashariki ya Voi. Agosti 1914 vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Wajerumani kutoka Tanganyika waliiteka Taveta, wakawa wanatuma vikosi kuja kulipua reli. Mwaka 1915 walikivamia kituo cha Waingereza hapo Kasigau. Waingereza wakasema wenyeji ndio waliowasaliti. Wakachoma nyumba, wakawakusanya watu wa Kasigau, wazee kwa watoto, wakawahamishia Malindi. Wengi walikufa huko kwa maradhi na njaa. Kurudi kwenye mlima wao kulisubiri hadi miaka ya 1930.

Mama yake nyanya alikuwa mtoto kwenye msafara huo. Alipokuwa mkubwa alimsimulia bintiye, tena na tena. Demensia hula kumbukumbu kuanzia juu: kilicholiwa asubuhi kinapotea kwanza, kilichosikika utotoni kinabaki mpaka mwisho. Kwa hiyo nyanya, ambaye hajui kama amekunywa chai, bado anamkimbia askari wa mwaka 1915 ambaye hata yeye mwenyewe hakumwona. Na mimi nilikuwa nimeweka muziki juu ya hilo.

Hapo ndipo nilianza kusoma. Nataka nikuonyeshe jinsi tulivyofika mahali ambapo mtu mmoja anabeba kazi ya watu kumi, halafu sisi wengine tunaiita mila.

Anza na zamani yenyewe. Wataita walikuwa na namna yao ya kuwakumbuka wazee ambayo ukiwaambia marafiki zako wa Nairobi watashtuka. Mzee akifariki alizikwa, na baada ya muda kaburi lilifukuliwa, fuvu likachukuliwa na kuwekwa kwenye pango la ukoo pamoja na mafuvu ya waliomtangulia. Baadhi ya mapango hayo bado yako kwenye vilima vya Taita, mafuvu yamepangwa kwa safu. Watu walienda pale wakiwa na shida, kama ukame au ugonjwa. Mzee hakuachwa apotee hata baada ya kufa.

Kulikuwa na kitu kingine, kutasa. Mtu anachukua pombe au kinywaji kingine mdomoni, anakipuliza nje kwa matone huku akitamka maneno ya amani na baraka. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyekaa Taita miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo, kikatoka mwaka 1978. Kwa ufupi, watu waliamini hasira iliyofichwa moyoni, hasa ya ndugu wa karibu, inaweza kuleta madhara. Kwa hiyo hasira ilitajwa mbele za watu na kutupwa nje. Shikilia hilo, tutarudi kwalo.

Sasa nani alimlisha mzee wakati huo? Boma. Kulikuwa na wake, wakaza wana, wajukuu, binamu, majirani wa ukoo mmoja kwenye mteremko mmoja. Mzee aliyepotea njia hakwenda mbali, kwa sababu kila aliyekutana naye alimjua na alijua nyumba ya kumrudisha. Sisemi ilikuwa pepo. Watoto wengi walikufa wakiwa wachanga, wachache walifika miaka 80, na mzee mwenye tabia ngeni angeweza kuitwa mchawi. Ila kazi ilikuwa na mikono mingi.

Halafu ile mikono ikaanza kuondoka. Haikuondoka kwa sababu watu waliacha kupenda mama zao.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Voi, ikafika Kisumu mwaka 1901. Ilikuja na kodi ya kulipwa kwa pesa taslimu, na pesa ilikuwa kwenye kazi za mshahara. Vita vikachukua wanaume kuwa wapagazi. Mashamba makubwa ya mkonge yakachukua ardhi na vibarua, Voi, Mwatate, Taveta. Mwaka 1948 Tsavo ikatangazwa mbuga ya taifa, na leo zaidi ya nusu ya kaunti yetu ni eneo la wanyama. Milima imejaa watu, tambarare imejaa ndovu, kijana atafanya nini? Atapanda gari la Mombasa. Shule nazo zikafanya kazi yake: mtoto aliyefaulu ni mtoto aliyeondoka. Wazazi walijinyima ili tuondoke, na tukaondoka kweli.

Walioondoka wakawa wanatuma pesa. Aliyebaki akawa mlezi. Karibu kila mara aliyebaki ni mwanamke: binti ambaye hakuolewa, au aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, au mke wa kitinda mimba. Si Taita tu. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi na demensia, zaidi ya asilimia 60 wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu, na asilimia 70 ya saa za kuwatunza zinatolewa na wanawake. Shangazi hajawahi kusoma hiyo ripoti. Yeye ndiye hiyo ripoti.

"Lakini serikali je?" Historia yake ni fupi. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910 kama mahali pa kuwafungia waliodhaniwa kuwa wazimu. Mzee anayesahau taratibu kule kijijini hakuwa shida ya serikali, kwa sababu hakumsumbua mkoloni yeyote. Kuanzia mwaka 1938 Mathari iliongozwa na daktari aliyeitwa J. C. Carothers, ambaye alipewa kazi hiyo bila kuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani, lile lile, lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Soma tena hiyo sentensi. Kama aliyepewa ufunguo wa hospitali anaona ubongo wako mzima kama mbovu, atagunduaje siku utakapoumwa kweli?

Wakati huo huo kule Ulaya ugonjwa huu ulikuwa tayari umepewa jina. Na hapa kuna jambo lililonigusa kuliko yote. Novemba 1901, mwezi mmoja tu kabla ya reli yetu kufika Kisumu, mwanamume mmoja wa Frankfurt, Ujerumani, alimpeleka mkewe hospitali. Mke aliitwa Auguste Deter, miaka 51. Daktari Alois Alzheimer alimuuliza jina lake, akasema Auguste. Jina la mumewe? Auguste. Alifariki mwaka 1906, na mwaka huo huo Alzheimer akawaeleza madaktari wenzake alichokiona kwenye ubongo wake. Mwaka 1910 ugonjwa ukapewa jina la daktari. Ndio aina ya demensia inayopatikana zaidi.

Kila mtu anamkumbuka daktari. Wachache wanamkumbuka mume. Karl Deter alikuwa karani wa reli. Mke hakuweza kulala, alikuwa akiburuta shuka nyumbani, akipiga kelele usiku, na Karl alikuwa na kazi ya kwenda asubuhi. Gharama ya hospitali nayo ilimlemea. Yaani kisa cha kwanza kabisa cha ugonjwa huu kwenye vitabu ni kisa cha familia ya mfanyakazi wa reli iliyoishiwa nguvu na pesa. Angekaa Voi angeelewana na shangazi yangu vizuri sana.

Kwa hiyo wale mnaosema Wazungu hawana upendo, polepole. Hata huko walioshindwa hawakushindwa kwa kukosa upendo.

Nasi tukikosa jina la ugonjwa, tunaweka jina lingine. Jirani mmoja alishawahi kumwambia shangazi kwamba nyanya anatembea usiku kwa sababu ana "mambo yake." Unajua maneno hayo yanaelekea wapi. Kilifi, hapo tu kaskazini yetu, wazee wamekuwa wakiuawa kwa kuitwa wachawi, mpaka kukawa na makao ya Kaya Godoma kule Ganze ya kuwapokea wanaokimbia nyumbani kwao. Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati siku moja kwa tuhuma hizo hizo. Bibi anayejisemea peke yake gizani na asiyekumbuka ametoka wapi anahitaji mtu mmoja tu wa kupiga kelele, basi. Ile video yangu, fikiria ingeangukia mikono ya nani.

Tumepiga hatua? Tumepiga kidogo. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na kwa Serikali. Umeona hiyo "na"? Ni wote wawili. Tangu mwaka 2018 Inua Jamii imefunguliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni shilingi 66 kwa siku. Ukinunua nepi za watu wazima inaisha kabla mwezi haujafika katikati, na hiyo ni pesa ya mzee. Mlezi hana pesa, hana likizo, wala hana wa kumpokea.

Na sasa turudi kwenye kutasa. Nilimuuliza shangazi kitu gani kigumu zaidi. Nilidhani atasema kuosha nguo au kukosa usingizi. Akasema, "Hasira. Namkasirikia mama yangu mgonjwa, halafu najichukia." Hajawahi kumwambia mtu, kwa sababu kanisani wanamwita mbarikiwa na kwenye kikundi tunamwita shujaa. Shujaa hawezi kusema amechoka. Wazee wetu, bila chuo kikuu, walijua kwamba hasira ya ndugu ikifungiwa ndani itaharibu nyumba, wakaitengenezea mahali pa kutokea. Sisi tumechukua mzigo wote wa mila tukaacha dawa yake.

Kwa hiyo hii ndiyo hoja yangu, ichukue au iache: mila yetu haikuwa "mtoto mmoja amtunze mzee." Ilikuwa boma limtunze. Ukimwachia mtu mmoja kazi ya boma, usijitetee na utamaduni.

Boma la zamani halirudi. Lakini tumejaribu kutengeneza lingine, na naandika hapa tunachofanya, si kujisifu, ni ili uibe.

Kwanza tulitafuta jina. Kituo kimoja cha afya kilituambia "ni uzee tu," tukakataa kuishia hapo. Kusahau kwingine kunatokana na vitu vinavyotibika: maambukizi ya mkojo, malaria, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, hata dawa zinazogongana. Kama mzee amevurugika ghafla, ndani ya siku chache, mpeleke hospitali haraka. Nyanya alipimwa, mengine yakaondolewa, tukabaki na demensia. Haina tiba ya kuiponya. Lakini kuijua kumebadilisha nyumba: hakuna tena "unafanya makusudi."

Pili, zamu. Wikendi mbili kwa mwezi ni zangu. Napanda treni ya SGR kutoka Mombasa Ijumaa, shangazi anaondoka Jumamosi asubuhi kwenda anakotaka, na haulizwi. Wikendi ya kwanza alienda kwa rafiki yake Mwatate akalala saa kumi na mbili mfululizo. Amu wa Qatar hawezi kuja, basi analipa msichana wa kusaidia siku tatu kwa wiki. Baba ana Jumapili ya mwisho. Alilalamika kidogo mwanzoni, akasema kumwosha mamake ni mwiko. Tukamwambia kupika uji si mwiko. Sasa anapika.

Tatu, njia. Mlangoni tumefunga kengele ya mbuzi. Ndani ya leso ya nyanya tumeshona kitambaa chenye namba ya simu. Vijana wa steji wana picha yake, wanajua asikimbizwe na asimulikwe usoni kwa taa. Wanamuaminisha tu, "Nyanya, tunaenda nyumbani," kisha wanamleta. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa naye anapita. Mwaka 2023 serikali ilitangaza wahudumu hao takriban 100,000 nchi nzima. Mwite wako, muulize.

Nne, hatubishani naye. Akisema anasubiri mamake atoke Malindi, simwambii mamake alishafariki, kwa sababu atalia upya kila mara kama amesikia leo. Nakaa naye. Namuuliza mamake alikuwa mtu wa namna gani. Wakati mwingine ananiambia mambo ya Kasigau ambayo hayako kwenye kitabu chochote nilichosoma. Hayo nayarekodi, sauti tu, na hayaendi mtandaoni. Ni ya ukoo.

Wikendi iliyopita aliniuliza tena, "Wewe ni mtoto wa nani?" Nikamjibu. Akauliza tena. Nilihesabu mpaka mara kumi na tisa nikaacha kuhesabu. Ilikuwa saa tano asubuhi tu, na nilikuwa nimeshakasirika. Nikampigia shangazi huko alikokuwa nikamwambia, "Shangazi, nimekasirika." Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Karibu."

Sasa wewe unayesoma. Kwenu kuna mtu kama huyo, usiniambie hakuna. Simtaji mgonjwa, namtaja yule anayekaa naye. Mpigie leo. Usimwambie ni shujaa. Muulize ni siku gani anataka kupumzika, halafu uende wewe.